Jina Langu kwenye Kanda ya Bi Vera

Kuna sauti inayotoka mwisho kabisa wa koo, ile kha ya madrasa ambayo mwalimu hakubali uipitishe ovyo. Mwezi uliopita niliisikia nikiwa kwenye treni ya asubuhi kutoka Mississauga, nimebanwa dirishani, waya za simu masikioni. Mwanamke mzee alisema neno moja linaloishia na hiyo kha. Akalisema tena polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Halafu nyuma yake, mbali kidogo, akasikika mwanamke mwingine akiita. Niliangua kilio palepale, mbele ya watu na kahawa zao. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akanipa karatasi ya kufutia pua, hakuniuliza kitu.

Yule aliyeita alikuwa Bibi yangu, mzaa mama, ambaye tulimzika miaka sita iliyopita. Rekodi hiyo nimetumiwa na msichana anayeitwa Larisa, ambaye sijawahi kumtia machoni. Larisa anafundisha watoto Kialeuti kwenye kisiwa kimoja cha Alaska, katika ule msururu wa visiwa unaoelekea Urusi. Barua yake ya kwanza ilifika kwa Mama, ambaye mpaka leo hajahama kwenye ghorofa letu la Rexdale, Toronto, kwa sababu anwani yetu ndiyo ilikuwa imeandikwa kwenye kiboksi cha kanda. Mwishoni mwa ujumbe alionitumia pamoja na rekodi aliuliza swali moja. Nitalifikia. Kwanza niwaeleze jinsi bibi wa Tanga alivyoingia kwenye somo la Kialeuti, maana nikianza na swali mtasema natunga.

Mimi naitwa Tunu. Jina nilipewa na Bibi. Mama alikuwa ameshaharibikiwa na mimba mbili kabla yangu, na mimi nilipotoka nikilia kwa nguvu zote, Bibi alisema, hiki si kitoto, hii ni tunu. Tanga jina hilo halikumsumbua mtu. Toronto ndiko lilikopata matatizo. Tulifika nikiwa na miaka minne, na nilipoingia darasa la nne, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wenzangu walikuwa wameshanigeuza Tuna, yaani jodari wa kopo. Mtu akifungua mkate wake wa mchana na ndani mna jodari, meza nzima inampigia kelele kwamba anamla mwenzake. Leo nacheka. Wakati ule nilimalizia chakula changu chooni, miguu juu ili nisionekane.

Bibi alikuja kutuangalia nilipotimiza miaka saba. Baba alikuwa dereva wa malori, wiki nzima barabarani, na Mama alifunga mizigo kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege, zamu ya jioni. Kwa hiyo jioni zetu zilikuwa za Bibi. Alikuja na kanga, na mbuzi ya kukunia nazi ambayo haikupata nazi ya kukuna, na redio ya kanda iliyofungwa ndani ya taulo kama mtoto mchanga. Hakuiamini lifti hata siku moja. Akilazimika kuipanda, alishika ukuta na kusoma dua mpaka chini.

Korido yetu ilikuwa na zulia la rangi ya maini na harufu za nyumba zote: binzari, vitunguu, sabuni ya kufulia, na siku nyingine ng'onda wa Bibi, samaki mkavu ambaye majirani walimlalamikia kwa barua wakaichomeka chini ya mlango. Watoto tulicheza mwisho wa korido, kwenye ngazi. Ikifika magharibi Bibi alifungua mlango, akashika kiuno, akaita. "Tunuuu! We Tunu!" Sauti yake ilizoea kuvuka nyua tatu, na hapa ilikuwa na korido moja tu ya kujaza. Mtoto wa kike kwetu akiitwa huitika "Abee." Mimi nilijibu "What?" au, nikiwa na adabu, "I'm coming, okay?"

Bibi alinikatalia Kiingereza ndani ya nyumba. "Kivue hapo mlangoni pamoja na viatu," alikuwa akisema. Sikukivua. Nilielewa kila alichosema, hata mafumbo aliyoongea na Mama wakidhani nimelala, lakini ulimi wangu ulikataa. Yeye alisema Kiswahili, mimi nikajibu Kiingereza, tukaishi hivyo, kila mtu na stesheni yake. Sikuona ubaya wowote. Niliona kwamba ndivyo nyumba zote za ghorofa lile zilivyokuwa, na kwa kweli ndivyo zilivyokuwa.

Mlango wa mwisho, karibu na ngazi, alikaa mama mmoja mzee, mfupi, uso mpana, nywele za mvi zilizokatwa sawasawa na masikio. Sisi watoto tuligombana kuhusu asili yake. Wengine walisema Mchina, wengine Mfilipino. Alivuta kigari chake cha sokoni, akatikisa kichwa kidogo, akafunga mlango. Tulijua jina lake kwenye kisanduku cha barua tu. Aliitwa Vera.

Sasa, majira ya baridi ya darasa la nne shule ilituma fomu nyumbani, ya kusahihisha habari za wanafunzi, na kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya jina ambalo mtoto anapenda kuitwa. Nikaandika Tina, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Mama alitoka zamu amechoka hoi, akasaini akiwa amesimama, koti bado mwilini, hakusoma. Nilipoona saini ile nilijisikia mwepesi kama nimetuliwa gunia.

Alibaki Bibi. Nilijua hakuna faida ya kuwa Tina darasani kama jioni ananitangaza Tunu koridoni mbele ya watoto walewale. Nikatunga sentensi yangu, nikaifanyia mazoezi bafuni. Bibi alikuwa akichagua mchele kwenye sinia. Nikasema, "Bibi, usiniite Tunu tena. Niite Tina." Mpaka leo najiona mjinga, maana ile ndiyo ilikuwa sentensi yangu ndefu kuliko zote za Kiswahili mwaka ule, na haikuwa na kosa hata moja.

Bibi aliendelea na mchele. Alitoa chuya, akatoa kijiwe, akakiweka pembeni.

"Tina simjui," akasema.

Baada ya kitambo akaongeza, "Haya. Sikuiti."

Akatimiza. Jioni iliyofuata mlango ulifunguka, Bibi akasimama, akakohoa mara mbili. Basi. Siku ya pili vilevile. Hakununa, chakula alinipa, nywele alinisuka, ila hakuniita kwa jina lolote, kana kwamba yule aliyekuwa akimwita amehama. Korido ikawa kimya. Nilikuwa nimepata nilichotaka, na nilikaa kwenye ngazi nikisubiri kikohozi cha Bibi.

Wiki ya pili ilikuwa ikianza pale mlango wetu ulipogongwa. Nikafungua. Bi Vera alikuwa amesimama na soksi za sufu, bila viatu, mikono ameishikanisha tumboni. Alizungumza Kiingereza cha taratibu sana.

"Samahani," aliniambia. "Yule mama anayeita kila jioni, ni mgonjwa?"

Nikasema hapana, mzima.

"Basi mbona ameacha kusema lile neno?"

Nikauliza neno gani. Akalisema. Akasema jina langu, lakini mwishoni akalitia kha, ileile ya kooni. Huwa linaandikwa tunux̂, na hicho kikofia juu ya x ndicho kinachoikwaruza koo.

Kutoka jikoni Bibi akauliza, "Nani huyo anayemtaja mjukuu wangu kwa kha?"

Sikuwahi kumjibu, kwa sababu Bi Vera alikuwa ameanza kueleza, machozi yakimlengalenga. Alitoka visiwa vya Aleuti. Mume wake, mtu wa huku Ontario, alimleta Toronto miaka mingi nyuma, akafa akamwacha. Huko kisiwani alikuwa na dada, na kila Jumamosi walipigiana simu wakaongea lugha yao, ambayo wenyewe huiita Unangam Tunuu. Waliokuwa wakiijua vizuri walikuwa wamebaki wazee wachache. Vuli ile dada yake alikufa. Tangu hapo Jumamosi zilipita kavu. Hakuwa na mtu wa kumwambia hata nimeamka.

"Halafu," akasema, "nikaanza kusikia mtu anaita koridoni. Tunux̂ kwetu ni neno. Ni maneno, ni kusema, ni lugha yenyewe. Kila jioni mwanamke anasimama nje anaita, Neno! Neno! Siku ya kwanza nilidhani nimechanganyikiwa. Baadaye nikaweka kiti nyuma ya mlango, nikawa nasubiri."

Bibi alikuwa ameshafika, mikono ina unga. "Anasemaje?"

Ndugu zangu, hapo ndipo niliponasa. Kumweleza Bibi kwa Kiingereza kusingesaidia kitu, na habari yenyewe haikutafsirika bila kulitaja jina. Nilijaribu kulizunguka. Nikasema, "Anasema... kwao... vile ulikuwa unasema." Bibi akanitazama kama mtu anayesubiri chenji yake. Nikapumua. "Anasema kwao Tunu ni neno. Ni kusema. Dada yake amekufa, hana mtu wa kusema naye. Alikuwa anasikiliza ukiniita. Ukiniita Tunu."

Nililisema jina langu mara mbili kwa mdomo wangu mwenyewe, uso unawaka.

Bibi hakuniangalia. Alijifuta mikono kwenye kanga. "Maskini shoga yangu," akasema. "Mwambie apite ndani, chai ipo."

Kabla sijatafsiri, Bi Vera akainua kichwa. "Chaayux̂?"

"Kumbe anajua Kiswahili!" Bibi akapiga kofi moja la furaha.

Bi Vera alitueleza kwamba neno hilo babu zake walilipata kwa Warusi, pamoja na chai yenyewe na msalaba wake wa shingoni. Nilitafsiri yote hayo kwa uaminifu na Bibi hakuyakubali hata moja. Mpaka anaingia kaburini aliwaambia watu kwamba Waaleuti ni Waswahili waliopotelea kwenye theluji.

Walikunywa chai ya maziwa na tangawizi, iliyofurika kidogo kwenye jiko ikaacha harufu yake ya kuungua. Bi Vera alipomaliza kikombe akashukuru kwa lugha yake: qaĝaasakung. Nilijaribu kulirudia nikasikika kama niliyekwamwa na mwiba wa samaki. Bibi akalirudia mara moja tu. Ile q ya mwanzo ni qaf, na ile g yenye kikofia ni ghaini, na Bibi alikuwa amepigiwa bakora kwa hizo herufi mbili madrasani akiwa na miaka sita. Zilimtoka safi. Bi Vera akaweka kikombe chini. Akasema marehemu mume wake alikuwa mtu mwema sana, na kwa miaka yote ya ndoa hakuweza kulitamka.

Upande mwingine, akatuambia, lugha yao haikuwa na p wala b, ila kwenye maneno ya kuazima. "Bibi" lingewashinda wazee wake. Mama yake labda angesema Mimi.

Nilipomtafsiria, Bibi akacheka mpaka akashika meza. "Mwambie vizuri tu. Mimi ndiye Mimi."

Mnadhani jioni ile aliniita? Wapi. Kesho yake mlango ulifunguka kama kawaida na nikasikia kikohozi. Nilikuwa kwenye ngazi na watoto wenzangu. Mlango wa Bi Vera ulikuwa wazi kidogo, upana wa kidole, na ndani yake niliona mguu wa kiti. Wazee wawili walikuwa wananisubiri, na hakuna aliyenisukuma. Nikatembea mpaka kwa Bibi.

"Bibi, niite," nikamwambia.

"Nikuite nani?"

"Tunu."

"Sasa uko hapa mbele yangu, nakuitaje? Rudi kule."

Nikarudi kule, mwisho wa korido, mbele ya watoto wote. Bibi akashika kiuno, akavuta pumzi ya ukumbi wa harusi.

"Tunuuu! We Tunu!"

"Abee!"

Sikujua kwamba ninayo sauti ya namna ile. Watoto waliangua kicheko, na mmoja akauliza abee ndiyo nini. Nikamwambia ndivyo anavyoitika msichana akiitwa. Akaijaribu. Wakaijaribu wote, ngazi nzima ikajaa abee, na nyuma ya mlango wa mwisho nikasikia kiti kikisogezwa.

Fomu ya shule tuliifuta kwa barua ya Mama, baada ya Mama kunifokea dakika arobaini na kujifokea mwenyewe tano. Tuna niliendelea kuitwa mpaka darasa la sita. Ila nilianza kula mezani.

Kanda zilikuja mwaka uliofuata. Mpwa wa Bi Vera, kule kisiwani, alikuwa miongoni mwa watu waliokuwa wakikusanya maneno ya wazee ili watoto wafundishwe, akamwomba shangazi yake ajirekodi. Bi Vera alijifungia kwake na kinasa sauti akatoka mikono mitupu. Alisema shuleni kwao zamani, mtoto akisema neno la nyumbani alioshwa mdomo kwa sabuni, na kwamba akikaa peke yake mbele ya mashine, sabuni ile inarudi. Alihitaji mtu wa kumwambia.

"Aniambie mimi," Bibi akasema. "Kwani mimi nina kazi gani?"

Basi wakawa wanakaa jikoni kwetu, redio ya Bibi katikati ya meza. Kanda tupu hatukuwa nazo. Bibi alitoa zake za taarabu, mimi nikaziba vitundu vya juu kwa karatasi ya gundi ili zikubali kurekodiwa tena. Bi Vera alisimulia kwa Kialeuti: kisiwa kisicho na mti hata mmoja, majani marefu waliyosukia vikapu, upepo wa siku nne. Bibi, ambaye hakuelewa neno, alimsikiliza kama anayeelewa yote. "Ehee," alisema. "Alaa! Makubwa haya!" Na aliyasema mahali panapofaa, kwa sababu alikuwa akimwangalia usoni. Magharibi ikifika alinyanyuka kwenda kuniita mlangoni, kanda ikiendelea kuzunguka. Mimi niliandika kwenye kiboksi, kwa Kiingereza, kanda ya kwanza, ya pili, ya tatu, na anwani yetu chini, kwa kuwa Bi Vera alisema mtu akitaka kuuliza, aulize huku.

Bi Vera alifariki nikiwa sekondari. Hakuna aliyeuliza. Nilidhani kanda tulizotuma kisiwani zimeozea kwenye droo fulani, na kwa muda mrefu nilijivunia, kwa kiburi cha utoto, kwamba mimi na Bibi tulimsaidia mzee mpweke. Nilichelewa sana kuelewa nani alimsaidia nani. Mimi sikuoshwa mdomo kwa sabuni na mtu yeyote. Kiswahili changu nilikuwa nakiua mwenyewe, taratibu, kwa aibu na uvivu, na ndani ya nyumba yenye mapenzi. Kama yule mama asingekuja na soksi zake kuuliza neno limekwenda wapi, mimi leo ningekuwa Tina, na Bibi angekufa akinikoholea.

Sasa swali la Larisa. Anasema kanda zote zimesalimika, na wanafunzi wake wanazipenda, hata zile dakika mbili za taarabu mwishoni mwa kanda ya pili. Anasema wazee wamebaki wachache kweli, lakini wapo vijana wanaojifunza kwa simu kutoka miji ya mbali, na kuna mtoto mmoja mchanga pale kisiwani ambaye wazazi wake wamekuwa wakimsemesha kwa lugha hiyo tangu siku aliyozaliwa. Ila kanda ya tatu imewashinda. Bi Vera anasema tunux̂, mara mbili. Mwanamke mwingine kwa mbali anaita neno hilohilo bila kha. Halafu mtoto anajibu kitu wasichokiona kwenye kamusi yoyote. Mzee mmoja alidhani ni neno la visiwa vya magharibi lililopotea. Mwingine akasema haliwezi kuwa lao, lina b.

"Tatizo ni kwamba watoto hawakusubiri tuelewane," aliandika. "Siku hizi kila nikisema tunux̂, darasa zima linapiga kelele: Abee! Niwazuie?"

Nilimjibu kabla treni haijafika kituoni. Nilimwandikia kwamba neno ni letu, la Tanga, na maana yake. Halafu nikamwambia awaache. Wameitwa, wameitika.